Mlango wa Maktaba Haufungwi kwa Siku Moja

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na watetezi wa haki za raia katika ukumbi wa kanisa. Tunaichapisha jinsi ilivyotolewa, isipokuwa salamu za mwanzo ambazo tumeziondoa.



Nimeombwa nizungumzie maktaba ya mji wetu, ambayo siku hizi hufunguliwa mara mbili tu kwa wiki, na ambayo, kwa jinsi mambo yanavyokwenda, huenda isifunguliwe kabisa ifikapo Julai. Najua wapo kati yenu wanaojiuliza moyoni kwa nini mkutano mzima uitishwe kwa ajili ya vitabu, ilhali zahanati iliyo ng'ambo ya barabara haina hata vidonge vya kutuliza maumivu. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mkono uliopunguza dawa ndio uliopunguza vitabu, na njia uliyoitumia ni moja. Tukiielewa njia hiyo katika jambo moja, tutaitambua popote tutakapoikuta.

Mimi nililelewa katika nyumba ya chumba kimoja. Tulikuwa watu saba na taa moja ya kibatari, na taa hiyo ilikuwa ya mama kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akishona nguo za watu usiku. Mwaka wa 1984, nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, nilisomea katika maktaba hii tunayoizungumzia leo. Palikuwa na meza ndefu ya mbao, taa nyeupe juu yake, na mama mmoja mkutubi ambaye hakupaza sauti hata siku moja. Jioni alipozunguka kufunga madirisha alianzia upande wa mbali na meza yangu, akaja polepole, dirisha kwa dirisha, ili nipate dakika kumi zaidi. Hakuna serikali iliyomwagiza afanye hivyo. Lakini serikali ndiyo iliyomlipa mshahara, ikaiwasha ile taa, na dakika zangu kumi zikapatikana.

Tusisahau kwamba mlango huo haukuwa wazi tangu zamani. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, ile yenye simba wa mawe pale mbele, ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, ijapokuwa aliweza kuingia kufagia. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1965, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba ya kitaifa, na vitabu vikaanza kutoka Nairobi kuelekea mikoani. Mwaka wa 1996 bodi hiyo iliwabebesha ngamia masanduku ya vitabu kule Garissa, ili jamii za wafugaji wanaohamahama zisiachwe nyuma. Kumbukeni miaka ile ya tisini ilivyokuwa ya dhiki. Hazina ilikuwa tupu, bei zilipanda kila wiki, na bado palipatikana nia ya kumtafuta msomaji jangwani. Kwa hivyo leo ninapoambiwa kwamba pesa hazipo, nasikia nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni kwamba zile zilizopo zimepangiwa kazi nyingine, na aliyezipanga hakutuuliza.

Sasa niwarudishe kwenye mwaka wa 1989. Wengi wenu mlikuwa watoto, lakini wazee mliopo hapa mtakumbuka maneno "kugawana gharama". Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilikuwa zimeishauri serikali, na ushauri wa mkopeshaji una uzito ambao ushauri wa jirani hauna, kwamba mwananchi achangie matibabu na elimu yake. Mnamo Desemba mwaka huo ada zikaanza kutozwa katika vituo vya afya na hospitali za serikali. Tuliambiwa kwamba ni shilingi chache tu, na kwamba mtu akilipa kitu hukithamini.

Watafiti waliichunguza kliniki moja ya serikali jijini Nairobi iliyokuwa ikitibu magonjwa ya zinaa. Mtaniwia radhi kwa kuyataja haya ndani ya ukumbi wa kanisa, lakini wagonjwa wale nao walikuwa waumini wa makanisa. Ada ilipoanza, idadi ya wanaume waliofika kila mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya ilivyokuwa awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Haya yalitokea wakati ambapo Ukimwi ulikuwa ukienea nchini, na wakati ambapo ugonjwa wa zinaa usiotibiwa ulizidi kuufungulia njia. Miezi tisa baadaye, mwaka wa 1990, ada ikasimamishwa. Wanawake walirudi, hata wakazidi idadi ya mwanzo. Wanaume waliishia asilimia 64 tu ya idadi yao ya kwanza.

Nimezitaja tarakimu hizo kwa makusudi. Anayepunguza huduma husema kwamba ni kwa muda, mpaka hali itengemae. Lakini mtu aliyefukuzwa mlangoni mara moja hujifunza kutokuja, na akishajifunza, kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kumfukuza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyekuta maktaba imefungwa Jumanne, akarudi Jumatano akaikuta imefungwa. Alhamisi atakuwa amekwisha kupata mahali pengine pa kukaa jioni, nanyi wazazi mnajua mahali hapo pakoje.

Kinyume chake pia tulikishuhudia. Januari 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa, zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwemo darasani walijitokeza. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa kaptula ya shule akaingia darasa la kwanza kule Eldoret, na mojawapo ya sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Hao wote, mzee na watoto, walikuwa wakiithamini elimu siku zote. Kilichowazuia ni ada iliyowekwa langoni.

Ndugu zangu, hakuna afisa atakayesimama barazani atangaze kwamba ameifunga maktaba. Angefanya hivyo tungempinga siku hiyo hiyo. Mlango wa maktaba haufungwi kwa siku moja. Kwanza fungu la vitabu vipya hupunguzwa, na hakuna anayeona, kwa sababu vya zamani bado viko rafuni. Kisha mkutubi anayestaafu hapewi mrithi. Kisha bomba la maji huharibika, choo kikafungwa, na wasichana wakaacha kuja kabla ya wavulana. Taa zikiungua hazibadilishwi, na saa za jioni, ambazo ndizo saa za mwanafunzi na za mfanyakazi, zikaondolewa. Mwishowe afisa anakuja na daftari lake, anahesabu wasomaji kumi na wawili, anaandika kwamba wananchi wa sehemu hii hawana haja na maktaba. Na pale penye maktaba, kwenye kiwanja cha katikati ya mji, pana mtu ambaye amekwisha kupapigia darubini.

Hapa inanibidi niungame kosa letu sisi wenyewe, hasa sisi wa kanisani. Miaka michache iliyopita paa la maktaba lilipovuja, tulifanya lile tulilozoea, tukaitisha harambee. Kina mama walichanga, vijana walipanda juu kupigilia mabati, nami nikanunua misumari na balbu, nikajiona mtu mwema. Mwaka uliofuata tulipoyasoma makadirio ya bajeti tulikuta fungu la matengenezo ya jengo hilo limeondolewa lote. Tulipouliza, tulijibiwa kwa upole sana kwamba jamii ya pale imeonyesha uwezo wa kujitegemea. Basi ukarimu wetu ulikuwa umetumika kama ushahidi dhidi yetu. Sisemi tusichange. Mvua ikinyesha juu ya vitabu huwezi kungoja kikao cha kamati. Nasema kila tunapochanga, siku iyo hiyo tuandike barua inayosema: fedha hizi ni mkopo wetu kwa ofisi yenu, kazi hii ni yenu, na tunatarajia fungu lake katika bajeti ijayo. Barua hiyo hatukuiandika. Misumari niliyonunua mimi ndiyo iliyougongomea msumari utetezi wetu.

Kwa sababu hiyo hiyo nawapongeza wale wanaofufua maktaba za zamani, ila kwa tahadhari. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk mwaka wa 2017, wakaingia mkataba na Kaunti ya Nairobi kuhusu maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na matawi hayo yakarekebishwa, yakapata uhai mpya. Kazi hiyo ni njema, tena iliwashirikisha wakazi. Lakini si kila mji una mabinti kama hao, na haki ya mtoto wa Marsabit haiwezi kutegemea bahati ya kuzaliwa karibu na mtu mwenye ari.

Msidhani kwamba haya ni ya nchi maskini peke yake. Uingereza, ambayo ndiyo iliyotuletea desturi hii ya maktaba ya umma, ina sheria ya mwaka 1964 inayozilazimu halmashauri kutoa huduma kamili ya maktaba. Hata hivyo, baada ya serikali yao kupunguza matumizi, halmashauri ya Brent jijini London iliamua mwaka wa 2011 kufunga maktaba sita. Mojawapo ni ya Kensal Rise, iliyofunguliwa mwaka wa 1900 na mwandishi Mmarekani Mark Twain. Wakazi waliilinda kwa zamu na kwenda mahakamani, wakashindwa, na mwezi wa Mei 2012 wafanyakazi wa halmashauri wakaja usiku wa manane, wakilindwa na polisi, wakavihamisha vitabu. Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka kwa uchungu. Nilidhani mambo ya usiku wa manane ni ya kwetu.

Lakini mwezi wa Novemba 2011, katika kesi nyingine, wakazi wa Gloucestershire na Somerset walishinda. Jaji alisema kwamba halmashauri hizo zilipunguza huduma bila kuzingatia ipasavyo, kama sheria inavyotaka, jinsi hatua hiyo ingewaathiri walemavu, wazee na wanawake. Yaani hazikushindwa kwa sababu zilipunguza. Zilishindwa kwa sababu zilipunguza bila kumtazama yule atakayeumia. Liwekeni neno hilo akilini, kwa maana sheria yetu nayo ina mlango kama huo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti wajibu wa maktaba. Ukisoma orodha hiyo utaikuta maktaba imewekwa baada ya kumbi za sinema na maonyesho ya video, kana kwamba ni starehe ya Jumamosi. Si mpangilio ninaoupenda, lakini wajibu ni wajibu. Tangu kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, maktaba nyingi zilijikuta katikati, kama mtoto wa wazazi waliotengana: huyu akisema ni wa yule, na yule akisema hajaletewa pesa za matunzo. Sisi hatukuwa katika ugomvi huo. Sisi ndio tuliokuwa na njaa.

Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 201, inasema kwamba masuala ya fedha za umma yawe ya uwazi na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye shughuli zake hadharani. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inamtaka afisa atoe uamuzi juu ya ombi lako katika siku 21. Haya hayakushuka kama mana. Yalipatikana kwa watu waliopigwa virungu Saba Saba mwaka wa 1990 na waliovuta gesi ya machozi Uhuru Park. Tukiyaacha makabatini, tutakuwa tumewadhulumu.

Vijana, nawageukia ninyi. Mwaka wa 2024 mliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, mkautafsiri katika lugha za nyumbani, mkaingia barabarani. Tarehe 25 Juni wenzenu walipoteza maisha, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Lakini mnakumbuka alichosema pamoja na hayo? Kwamba matumizi ya serikali sasa yatapunguzwa. Tulishangilia, na kwa haki. Hatukuuliza yatapunguzwa wapi. Msafara wa magari ya wakubwa una watu wengi wa kuutetea ndani ya kile chumba kinachopangiwa bajeti. Meza ya kusomea haina hata mmoja. Anayekataa ushuru dhalimu, kama tulivyokataa, amejitwika kazi ya pili ambayo haina wimbo wala bendera, nayo ni kuketi na vitabu vya bajeti na kufuata kila kalamu inapokata.

Kalamu hiyo ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba mosi. Mkakati wa fedha, ambao ndio unaogawa mafungu kwa kila idara, hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Sisi huwa tunaamka mwezi wa Juni, mlo umekwisha kupakuliwa, tukalalamikia ukubwa wa mnofu. Anayetaka maktaba ifunguliwe jioni aje mwezi wa Februari.

Tena kuna jambo ambalo makanisa mengi hayalijui. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, ambamo gavana na mawaziri wake huketi na wawakilishi wa raia wasiozidiwa idadi na mawaziri hao. Sheria inawataja wazi watakaowapendekeza: mashirika ya wanawake, walemavu, wazee, wafanyakazi, wafanyabiashara, na ya kidini. Kiti chetu kimo ndani ya sheria. Katika kaunti yetu nimeuliza nani amekikalia kwa niaba ya makanisa, na hadi leo, wachungaji wangu, mnisamehe, sijapata kanisa hata moja linalomjua.

Nirudi kwenye zahanati, maana niliahidi. Wiki iliyopita nilikaa pale kwenye benchi asubuhi nzima. Mama mmoja aliandikiwa dawa, akaambiwa akanunue nje. Aliikunja karatasi ile mara nne akaitia kifuani, akaenda nyumbani. Hakwenda dukani. Katika hesabu za idara, shilingi za dawa ile zimeokolewa. Katika nyumba ya mama yule, binti mkubwa hatakwenda shule kesho kwa sababu atamtunza mgonjwa, na kama angekwenda, jioni asingepata pa kusomea. Gharama haikutoweka. Imehama kutoka katika daftari la serikali, lenye mkaguzi, ikaingia katika nyumba ambayo haina daftari. Ndiyo maana nawaomba msichague kati ya dawa na vitabu. Waliotupangia tuchague hawajachagua chochote wao wenyewe.

Basi naomba tufanye mambo haya kabla ya chai. Ombi la habari limeandikwa tayari na wenzetu mawakili waliojitolea: linauliza fungu la maktaba na fungu la dawa kwa miaka mitano iliyopita, kiasi kilichopangwa na kiasi kilichotumika. Litapelekwa Jumatatu, na siku 21 zitahesabiwa ukutani hapa, kwa chaki, watu wote waone. Tukinyimwa jibu, Tume ya Haki ya Utawala ipo, tutaipelekea malalamiko. Ya pili ni hati ya maombi kwa Bunge la Kaunti. Iko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na kalamu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na mwenye kujua amsomee kwanza aelewe anachokubali.

Ya tatu ni zamu. Kila siku maktaba inapofunguliwa, tunataka watu wasiopungua ishirini ndani yake, wakisoma, ili atakayekuja na daftari lake ahesabu vizuri. Chama cha kina mama kimechukua Jumanne. Alhamisi bado haina mwenyewe. Mzee wa kanisa aliyeketi pale kando ya dirisha ananiambia kwamba macho yake hayaoni tena herufi ndogo, lakini atakwenda, ataketi, na atafungua kitabu.